Mzee wa Miaka 18

Mzee anapiga hodi. Ana miaka 18, ndevu zake bado zinajadiliana kama zitoke au zisubiri, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho, na kifuani ana kibao cheusi chenye jina la ukoo lililotanguliwa na cheo hicho: Mzee. Anayefungua mlango ni babu wa miaka 70. Nani amwamkie nani?

Kwa kawaida kijana huwahi shikamoo. Babu huitikia marahaba, hutazama kibao, hutazama uso, kisha macho humtoka kumtafuta huyo mzee mwenyewe aliko. Hayupo mwingine. Aliyesimama pembeni naye ni Mzee, labda wa miaka 19.

Cheo hicho si utani. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, "mzee" ni ngazi ya Ukuhani wa Melkizedeki ambayo kijana hupewa kwa kutawazwa kabla ya kwenda misheni. Wengi wanalijua kanisa hilo kwa jina la Wamormoni, ingawa Russell M. Nelson, aliyekuwa rais wake, aliomba mwaka 2018 jina hilo liachwe. Wasichana huitwa Dada, jambo ambalo halimshtui mtu. Mwisho wa 2024 wamisionari wa Kanisa hilo walizidi 74,000 duniani kote. Wavulana huhudumu miezi 24, wasichana 18, na hakuna anayechagua pa kwenda. Wito hutoka makao makuu, Salt Lake City katika jimbo la Utah, husomwa sebuleni ukoo mzima ukiwa umekaa, na jina la nchi linalotajwa humo pengine halijawahi kutamkwa katika nyumba hiyo.

Watu wa mitaani hudhani wanajua habari yao yote: watoto wa matajiri wa Marekani waliokuja kuwabatiza Waafrika. Picha hiyo imechakaa. Leo katika miji mingi ya Afrika, sehemu kubwa ya vijana wanaovaa kibao hicho ni Waafrika wenyewe, Mkongomani akihudumu Ghana, Mkenya Afrika Kusini, Mganda Zambia. Na hapo ndipo penye jambo linalostahili kujadiliwa, kwa sababu kibao ni kimoja lakini uzito wake kifuani haufanani.

Kwanza maisha yenyewe, maana wengi wanaocheka tai zao wasingeyamudu wiki mbili. Kwa miaka mingi ratiba iliyozoeleka imekuwa kuamka saa 12:30 asubuhi na kuzima taa saa 4:30 usiku, na katikati kuna sala, mazoezi, kusoma maandiko, kujifunza lugha na kutembea kwa miguu. Hakuna sinema, hakuna kuvinjari mtandaoni kwa kupoteza muda, hakuna mchumba wa kukutana naye. Kuogelea ni marufuku. Kijana wa Utah, jimbo lisilopakana na bahari yoyote, anaweza kuishi Mombasa miezi kadhaa akitazama Bahari ya Hindi kila jioni bila kukunja suruali kupita magoti. Mara moja kwa wiki kuna siku ya maandalizi, yaani ya kufua, kwenda sokoni na kuandikia nyumbani. Kupiga simu kwa wazazi kulikuwa anasa: hadi Februari 2019 mmisionari aliruhusiwa kuzungumza nao mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Sasa anaweza kila wiki.

Kisha kuna mwenza. Mmisionari hatembei peke yake, halali peke yake nyumbani, haendi dukani peke yake. Mwenza hupangwa na rais wa misheni na hubadilishwa baada ya wiki kadhaa au miezi kadhaa, wapende wasipende. Ni ndoa ya kupangiwa isiyo na mahari wala talaka. Mmoja amekulia kwenye shamba la viazi Idaho, mwingine Lubumbashi, na jioni ya kwanza wanagundua kwamba mmoja hajui kusonga bukari, ugali wa Kongo, na mwingine hajawahi kuona mtu akila siagi ya karanga kwa kijiko moja kwa moja kutoka kwenye kopo. Wanaojua maisha hayo husema mitaa haichoshi kama mwenza asiyeelewana nawe.

Nyumbani kwa watu mtihani mkubwa ni chai. Neno la Hekima, sheria ya afya ambayo Kanisa linaitaja kuwa ufunuo wa mwaka 1833, linakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai ya majani. Maelezo hayo ni mepesi kuyatoa mahali pengine. Uswahilini, ambako kikombe huwekwa mbele ya mgeni kabla hajaulizwa jina, kukataa chai ni karibu na kukataa kiti. Wajanja wamejifunza kuulizia mchaichai, unaoruhusiwa, au kuomba maji na kuyanywa mpaka tone la mwisho mwenye nyumba akiwaona. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawangoji ya tatu. Wengi hushika jembe, ndoo au tofali siku ya kwanza, kwani kusaidia kazi ni sehemu ya ratiba yao na pia njia ya kukubalika bila kikombe.

Nani analipa? Wao na familia zao. Kabla ya 1991 kila mmoja alibeba gharama halisi ya nchi aliyopelekwa, na aliyeitwa Japani aliumia kuliko aliyeitwa nchi ya bei nafuu. Baadaye kiwango kilisawazishwa, na tangu Julai 2020 familia ya Marekani huchangia dola 500 kwa mwezi, yaani dola 12,000 kwa miezi 24. Kwa nchi maskini mchango hushushwa, na mfuko wa wamisionari hujazia.

Wamesemwa mengi. Ghana, Juni 1989, serikali ilisimamisha shughuli za Kanisa hilo na kuwafukuza wamisionari wa kigeni, huku uvumi wa ujasusi na ubaguzi ukizagaa. Marufuku hiyo ilidumu hadi Novemba 1990. Urusi mwaka 2016 ilipitisha sheria iliyobana uinjilisti nje ya majengo ya ibada, na Kanisa likaanza kuwaita vijana wake huko watu wa kujitolea. Broadway nayo iliwageuza kichekesho. Machi 2011 ilifunguliwa The Book of Mormon, tamthilia ya muziki kuhusu vijana wawili wa Utah waliotupwa kijijini Uganda, ikanyakua tuzo tisa za Tony. Kanisa lilijibu kwa werevu: likanunua matangazo katika kijitabu cha onyesho lenyewe, likiwakaribisha watazamaji wakisome Kitabu cha Mormoni chenyewe, andiko takatifu la Kanisa. Waliodhalilishwa zaidi hawakuwa hao wavulana wawili bali wanakijiji, Waganda waliochorwa kama watu wa magonjwa, ujinga na matusi. Ilichukua hadi 2020 ndipo waigizaji Weusi waliowahi kucheza humo walipoandika barua kudai mabadiliko, na maandishi yakarekebishwa kabla ya jukwaa kufunguliwa tena baada ya korona.

Kicheko hicho kilikosa kitu kimoja. Mtu anayebadilishwa sana na misheni ni mmisionari mwenyewe. Mitt Romney, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 2012, alipelekwa Ufaransa mwaka 1966 na kukaa miezi 30, muda uliokuwa wa kawaida wakati huo kwa waliojifunza lugha. Fikiria kazi hiyo: kuwashawishi Wafaransa waache divai. Milango ilifungwa usoni mwake siku nenda rudi. Juni 1968, karibu na Bordeaux, gari alilokuwa akiliendesha liligongwa na gari lililohama upande wake. Mke wa rais wa misheni alifariki, na askari aliyefika alidhani kijana huyo naye amekufa, akaandika hivyo kwenye pasipoti yake. Aliamka, akapona, na akiwa na miaka 21 akasaidia kuongoza misheni iliyobaki bila kiongozi wake. Jon Huntsman alihudumu Taiwan, akajifunza Kichina, na mwaka 2009 akawa balozi wa Marekani mjini Beijing. Jeff Flake alihudumu kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ubaguzi wa rangi bado ni sheria ya Afrika Kusini. Alirudi baadaye kufanya kazi Namibia, kisha akawa seneta wa Arizona na balozi nchini Uturuki.

Hao ni vigogo. Lakini hata asiye kigogo, akirudi Utah, anakuta njia imelimwa. Chuo Kikuu cha Brigham Young mjini Provo kimejaa vijana waliotoka misheni, na kumwekea nafasi aliyeondoka ni jambo la kawaida. Kampuni zinazouza dawa za wadudu na umeme wa jua mlango kwa mlango huwasaka kila kiangazi, zikijua kwamba kijana aliyefungiwa mlango mara elfu kwa Kireno haogopi kufungiwa kwa Kiingereza. Miaka miwili aliyotoa hurudi na faida.

Sasa mtazame Mzee aliyetoka Kayole, Nairobi, au Mbuji-Mayi, Kongo.

Huyu mara nyingi ndiye Mmormoni wa kwanza katika ukoo wake. Mama ni Mkatoliki, mjomba ni Mpentekoste, na wote walichanga ada ya sekondari wakitazamia kwamba akimaliza atashika kitu mkononi na kumvuta mdogo wake. Badala yake anaaga. Kwa miezi 24 hatatuma hata shilingi. Nyumbani watamwita mtumishi wa Mungu mbele ya wageni, na wageni wakiondoka watauliza ataajiriwa lini. Kijana wa Utah anaahirisha chuo. Huyu anaahirisha familia.

Ana pia historia isiyo yake ya kubeba. Kuanzia 1852 hadi Juni 1978 mwanamume Mweusi hakuruhusiwa kutawazwa katika ukuhani wa Kanisa hilo. Kwa maneno mengine, cheo anachovaa kifuani leo babu yake alipokuwa kijana asingeweza kupewa. Ghana, Joseph William Billy Johnson alisoma Kitabu cha Mormoni mwaka 1964, akaamini, akaanzisha makusanyiko, akaandika barua Salt Lake City, na akangoja miaka 14 kabla ya mtu yeyote kuja kumbatiza. Aliyengoja kiasi hicho hakuhitaji kupigiwa hodi. Babu wa mtaani akimuuliza Mzee kijana juu ya jambo hilo, na wapo wanaouliza, Mzee wa Idaho anaweza kujibu kama mtu anayeeleza kosa la mababu. Mzee wa Kayole anaulizwa mwenyewe anafanya nini humo.

Kanisa linajua pengo hili, na ni haki kulisema. Machi 31, 2001, Gordon B. Hinckley, rais wake wa wakati huo, alitangaza mfuko wa kudumu wa kuwakopesha karo vijana wa nchi maskini, hasa waliotoka misheni, akiuiga ule wa 1849 uliowakopesha nauli waumini wa Ulaya waliohamia Utah. Alieleza bila kuficha kwamba vijana hao wakirudi makwao wanarudi katika umaskini ule ule. Mwaka 2017 iliundwa BYU-Pathway Worldwide, inayotoa masomo ya mtandaoni kwa karo inayopangwa kulingana na nchi, na Waafrika wamejiandikisha kwa wingi.

Hatua hizo ni nzuri, na hazitoshi. Mkopo ni deni hata ukitolewa na kanisa, na shahada ya mtandaoni haimwondoi mtu kwenye foleni ya wenye shahada wasio na kazi Nairobi au Kinshasa. Kanisa lenye hekalu Kinshasa tangu 2019 na Nairobi tangu 2025 limekwisha kuamua kwamba Afrika ndiyo kesho yake. Basi lihesabu waziwazi, kwa kila nchi, wangapi kati ya Wazee na Dada waliorudi wamepata shule au kazi miaka mitatu baadaye, kama linavyotangaza kila mwaka idadi ya ubatizo. Wazazi wanaoombwa mtoto wana haki ya kuiona hesabu hiyo. Na wale wanaorudi kabla ya muda, kwa maradhi au kwa moyo kuchoka, wasipokewe kwa minong'ono ya dhambi gani wamefanya. Hilo ni la waumini wenyewe kurekebisha, halihitaji tangazo la Salt Lake City.

Misheni huisha kwa namna isiyo na kishindo. Kijana hufika nyumbani, huenda kwa rais wa kigingi, yaani kiongozi wa Kanisa katika eneo lake, wanazungumza, na mwishoni huambiwa ameachiliwa. Anavua kibao. Hana mwenza tena; kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili anatembea barabarani peke yake, na wengi husema miguu hushindwa kuzoea. Mtaani hakuna anayemwita Mzee. Jirani anamuuliza alikuwa wapi siku zote hizi, na mama, ambaye bado ni Mkatoliki, ameshabandika sufuria ya chai ndipo anakumbuka, anatoka jikoni na kumuuliza kama ule mchaichai wa uani unaruhusiwa.