Maoni ya Bwana Mwalimu ni Maoni, si Dikte



Jumamosi moja jioni, mwezi uliopita, Bwana Mwalimu wetu wa Kifaransa alitukusanya katika chumba kikubwa, sisi wafinalisti pamoja na kalasi inayotufuata, akatuambia maoni yake mwenyewe juu ya vitabu vitatu alivyosoma wakati wa vakansi. Nilipenda sana jambo lile. Mara nyingi mwalimu anakuja na kaye yake, anaandika ubaoni, sisi tunakopia, kengele inalia, basi. Siku ile alikaa tu juu ya kiti akasema: hiki nimekipenda, hiki hapana, na juu ya nini. Kwa hiyo mtu asifikiri naandika kusudi nimchokoze. Ni mimi kapita wenu niliyemshukuru siku ile kwa jina la wanafunzi wote. Lakini yako mambo mawili ninayopinga, na nilipokwenda nyumbani kwake kumwambia, alinijibu: "Andika, mwanangu, nitasoma." Basi naandika.

Vitabu ni hivi: L'Enfant noir ya Camara Laye wa Guinea (1953), Le monde s'effondre ya Chinua Achebe wa Nigeria, iliyotoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1958, na Le Pauvre Christ de Bomba ya Mongo Beti wa Kameruni (1956). Vyote vitatu ni mali ya biblioteki yetu. Viwili viko katika kabati. Cha tatu nitasema kiko wapi.

Juu ya kitabu cha kwanza, mimi na Mwalimu tuko pamoja. Alisema ni "kitabu safi". Ni kweli, mtoto wa Kouroussa anatuonyesha baba yake mfua chuma anavyoyeyusha dhahabu, na yule nyoka mweusi mdogo anayekuja karakanani na hakuna mtu wa kumpiga, na mama anayelia mtoto anapokwenda Ufaransa. Mwaka 1955 Mongo Beti alikishambulia kitabu hiki. Alisema mwandishi amefumba macho, hakuonyesha mateso ya ukoloni hata kidogo. Wako marafiki katika kalasi yetu wanaoshika upande huo kwa nguvu, tunabishana mpaka taa inazimwa. Mimi nasema hivi: mtu aliye mbali na mama yake, akimkumbuka, simwulizi: "Na kodi je, umeisahau?" Mwingine ataandika juu ya kodi. Mongo Beti mwenyewe aliandika.

Lakini angalieni mambo yaliyofuata. Juma moja kisha ile Jumamosi tulipewa insha juu ya kitabu hicho hicho. Sisi ni 31 katika kalasi. Watu 17 waliandika neno "kitabu safi"! Wengine hawakukifungua hata siku moja, nawajua, mimi ndiye ninayeandika majina ya wanaokopa. Walichukua maneno ya Mwalimu sawa vile mtu anachukua sombe katika sahani ya mwenzake. Mwalimu alipowarudishia karatasi alicheka, kisha akanyamaza, na nafikiri hakufurahi. Wandugu, katika mtihani wa Leta hakutakuwa Bwana Mwalimu wa kukuazima maoni yake. Tena watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu walichunguza maneno ya Paulo mwenyewe, kila siku, kama ni kweli. Kama Paulo alichunguzwa, mwalimu wa Kifaransa hawezi kukasirika.

Sasa mabishano yangu ya kwanza. Juu ya Achebe, Bwana Mwalimu alisema anapenda mno desturi za wapagani na anawaonyesha wamisionari kuwa waharibifu. Mimi sikuona hivyo. Achebe ni mtoto wa katekista wa Kianglikana, anaijua nyumba ya kanisa kutoka ndani. Hakuficha ubaya wa mababu. Ni nani aliyetuonyesha mapasa wanaolia porini ndani ya vyungu? Ni yeye. Ni nani aliyetuonyesha Okonkwo anamkata kwa panga Ikemefuna, kijana aliyekuwa akimwita baba? Ni yeye. Wakati wa konge nilimsimulia nyanya yangu mambo haya kwa lugha yetu, jioni, tukitoa maganda ya maharagi. Yeye ni mama wa kanisa tangu zamani. Kwetu mapasa wanapigiwa ngoma, basi aliposikia wanatupwa alishika kinywa. Akaniuliza: "Na mama yao, alifanya nini?" Nikaona kwamba Nwoye, mtoto wa Okonkwo, alikuwa na swali karibu na hilo, na ndiyo sababu wimbo wa Wakristo ulimwingia moyoni. Mwandishi anayedharau kanisa hawezi kuandika ukurasa ule.

Na wamisionari wako wawili, si mmoja. Bwana Brown anakaa na mzee Akunna, wanazungumza juu ya Mungu, hakuna anayemshinda mwenzake, lakini wanasikilizana. Kisha anakuja Bwana Smith, yeye anaona nyeusi na nyeupe tu, na vita vinawaka. Kuwachanganya wawili hawa ni kosa.

Tena neno moja dogo, kwa heshima. Nakala yetu ya Le monde s'effondre imekosa kurasa za mwisho, panya walizila. Sijui kama Bwana Mwalimu alisoma nakala hiyo. Mimi nilimaliza kwa nakala ya rafiki mmoja wa mjini. Mwishoni kabisa, Okonkwo amekufa, na mkubwa wa serikali anafikiri juu ya kitabu anachotaka kuandika, anaona kwamba mambo ya mtu huyu yatatosha kwa fungu moja tu. Maisha mazima, fungu moja! Mtu asiyefika hapo anaweza kufikiri kitabu ni sifa za mababu.

Mabishano ya pili ni magumu zaidi. Bwana Mwalimu alisema Le Pauvre Christ de Bomba si kitabu cha kuwekwa mkononi mwa mwanafunzi wa misioni. Sababu zake ni mbili: kuna mambo machafu ndani, na tena sisi Waprotestanti tutakitumia kuwacheka jirani zetu Wakatoliki. Sababu ya pili ina uzito, nakubali, nimesikia vicheko hivyo uwanjani siku ya mpira. Kisha mkutano akaniomba nikitoe katika kabati. Nilikitoa. Kiko katika droo ya meza ya biblioteki, na ufunguo ninao mimi.

Matokeo ni nini? Katika juma moja watu 11 walinijia, mmoja mmoja, sauti chini: "Kapita, ile kitabu ya padri iko wapi?" Mbele ya mkutano ule, mwaka mzima, kilikopwa mara mbili tu.

Lakini si kwa sababu hiyo ninapinga. Napinga kwa sababu ya sixa. Wasioijua: ni nyumba katika misioni ile ya kitabuni, ambamo wasichana waliotaka ndoa ya Kikristo walikaa miezi kadhaa wakifanya kazi bila malipo. Padri Drumont ameishi miaka 20 katika nchi hiyo, anahubiri, anajenga, na hajui kwamba wasaidizi wake mwenyewe wanawaharibu wasichana hao na kuwaachia ugonjwa. Siku anapojua, ni wasichana wanaopigwa fimbo kusudi waseme. Ni kijana mtumishi, Denis, anayeandika yote katika kaye yake, anampenda Padri, na mara nyingi haelewi yale anayoyaona. Nilisoma usiku mmoja, sikucheka hata mara moja. Sikufikiri juu ya Wakatoliki. Nilifikiri juu ya nyumba zote ambamo wasichana wanalala mbali na mama zao na hakuna mtu anayewauliza neno. Kitabu hiki hakifundishi uchafu. Kinaonyesha namna mtu mwema anavyoweza kukaa miaka 20 bila kuuliza.

Kwa hiyo kama kuna watu wanaopaswa kukisoma, ni dada zetu wa kalasi za juu, na walimu. Siombi kipewe watoto wa mwaka wa kwanza. Naomba Bwana Mwalimu afanye Jumamosi ya pili, kitabu kikiwa juu ya meza, na wasichana watatu au wanne wawe wamekwisha kukisoma mbele, nao waseme maoni yao kwanza, yeye aseme mwisho.

Mwisho wa mwaka nitarudisha ufunguo. Naomba Bwana Prefe na Bwana Mwalimu waamue mbele ya siku hiyo, kwa maana kapita atakayenifuata atafungua droo, atakuta kitabu, na sipendi aseme ni mimi niliyekificha.