Mawingu si Mvua, na Kipimo si Ugonjwa

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, wenyeji wa Kitui na Makueni wameyaona mawingu mengi yakitanda mwezi wa Oktoba na kupita bila kudondosha hata tone. Hakuna mkulima wa huko ahesabuye magunia ya ndengu kwa kuona wingu. Busara hiyo yapasa ituongoze pia katika suala la shinikizo la damu, maradhi ambayo wengi wetu twayaita presha.

Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja kote nchini, na katika mikoba yao mlikuwa na mashine ya kupimia presha. Hilo ni jambo la kupongezwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa maishani. Lakini kupima ni jambo moja, na kuandika kilichopimwa ni jambo jingine.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyepanda kilima kwa miguu adhuhuri, akafika kwenye zahanati akihema na kupimwa papo hapo. Mashine yaonyesha 150 kwa 95. Je, muuguzi aandike nini? Shirika la Afya Duniani lasema ugonjwa huthibitishwa pale vipimo vya siku mbili tofauti vinapofikia 140 kwa namba ya juu, au 90 kwa ile ya chini. Katika toleo la kumi la orodha ya kimataifa ya magonjwa, kipimo kilichopanda bila ugonjwa kuthibitishwa kina msimbo wake, R03.0, nao ugonjwa wenyewe una I10.

Muuguzi mwenye foleni ndefu huvutwa kuandika neno moja tu: presha. Kuanzia hapo mwalimu huyo ameitwa mgonjwa. Huenda akameza vidonge asivyovihitaji, na hesabu ya dawa za kaunti ikapotoka. Kosa la pili ni baya zaidi: kutoandika lolote. Onyo hupotea, na mtu hurejea siku moja akiwa amepooza kwa kiharusi.

Kwa hivyo, kila rejista na iwe na nafasi ya maneno haya: kipimo cha juu, arudi apimwe tena, pamoja na tarehe. Bila shaka, kipimo cha kutisha kama 180 kwa 110, au kilichoandamana na maumivu ya kifua, hakingoji siku ya pili. Wala aliyekwisha kuthibitishwa asiache dawa zake.

Nanyi walimu, hili ni somo la darasani. Mwanafunzi aliyefunzwa kutofautisha dalili na ugonjwa atamwambia mzazi wake apumzike dakika tano kabla ya kupimwa, aulize kilichoandikwa, na arudi siku nyingine. Wingu halipuuzwi, wala haliitwi mvua. Hutazamwa mpaka lijulikane.