Kisa cha ukatili kwenye simu: kabla hujakituma, jiulize haya

Ujumbe umeingia kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: mtoto amefanyiwa ukatili, picha hii hapa, "sambaza hadi mhusika akamatwe". Aliyetuma ana nia njema. Lakini tuseme ni kijiji cha Kisarawe au kitongoji cha Kibaha, ambako watu wote wanajuana. Hata bila picha wala jina, ukiandika "yupo darasa la nne, baba yake anachoma mkaa, wanakaa karibu na zahanati", umeshamtaja. Kesho atanyooshewa vidole shuleni. Familia, kwa kukwepa aibu, inaweza kuamua yaishe nyumbani. Mashahidi wakinyamaza, kesi inakufa.

Hatusemi watu wakae kimya. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionesha kuwa wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 hadi 49 walishafanyiwa ukatili wa kimwili. Lazima tuseme. Swali ni namna ya kusema.

Wakubwa wanaukumbuka mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa mtu wa kubuni. Hata hivyo watu walimjadili kama jirani yao, na kupitia yeye wakazungumzia Ukimwi bila kumvunjia mtu heshima.

Nasi tunaweza kufanya hivyo kwenye mkutano wa kijiji, shuleni au redioni. Badilisha jina, kijiji, umri na kazi ya mzazi. Bakiza yale yanayofundisha: dalili alizoonesha mtoto, nani alimsikiliza, alipelekwa wapi.

Na ujumbe ukikufikia, jiulize:

- Nani ameuandika, na lini? Picha ya zamani au ya nchi nyingine huweza kuzungushwa kama ya jana, na asiye na hatia akapigwa.
- Je, aliyeumizwa anaweza kutambulika?
- Nikiutuma, nitakuwa nimemsaidia nani?

Kama tukio ni la kweli, picha ipeleke polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, si kwenye kundi. Kwa mambo ya watoto, piga 116, ni bure. Aliyebakwa awahishwe kituo cha afya ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Muda unaotumika kusambaza picha yake, yeye anauhitaji kufika huko.