Bia ya ngano nimeionja, ila usilime kwa ajili yake

Ndugu wakulima, leo naanza na bia. Wale wasiotumia wanivumilie, habari yenyewe ni ya shamba.

Juzi mkulima mmoja wa Karatu alinipigia. Ni mzee mchapakazi, ana ekari tano za mahindi na maharage. Kwenye kundi la WhatsApp katumiwa ujumbe kwamba siku hizi kuna baa zinazopika bia zao zenyewe, na inayotamba ni bia ya ngano, kwa hiyo fursa ndiyo hiyo. Alikuwa ameshanunua kilo 100 za mbegu na anataka shamba lote liingie ngano. "Bwana shamba, unasemaje?" Nikamwambia, mzee wangu, nina semina Arusha, ngoja nikaone kwa macho.

Nikaenda. Baa ndogo tu, mapipa ya chuma yanaonekana nyuma ya kioo. Nikaletewa glasi ndefu, povu zito juu, bia yenyewe ina ukungu kama togwa. Kunusa tu, ndizi mbivu, halafu karafuu kwa mbali. Nikadhani wametia ndizi. Mpishi akacheka: hakuna ndizi wala karafuu humo, hamira yake ndiyo inayotoa harufu ile, na ukungu ni protini ya ngano pamoja na hamira isiyochujwa. Uchungu kidogo sana. Niseme ukweli, ni tamu, na glasi niliimaliza.

Kisha nikatoa kalamu. Jamaa anapika lita 500 kwa mkupuo, na ya ngano ni mara moja kwa mwezi. Mkupuo mmoja unakula kama kilo 100 za kimea, nusu ngano na nusu shayiri. Ukiongeza kinachopotea wakati wa kuotesha na kukausha, anahitaji kama kilo 60 za ngano kwa mwezi, yaani kilo 720 kwa mwaka. Ekari moja iliyotunzwa vizuri inaweza kutoa tani moja. Kwa hiyo baa nzima, mwaka mzima, haimalizi ekari moja ya mzee wangu! Na kimea chenyewe kinatoka Ujerumani kwenye mifuko ya kilo 25, tayari kwa kusaga. Ukimpelekea gunia la ngano mlangoni, hana pa kuliotesha.

Halafu kuna suala la ubora, ambalo hao wa fursa hawaligusi. Mwoka mikate anataka ngano yenye protini nyingi. Mpika bia anataka yenye protini kidogo. Ukiweka urea karibu na kuchanua unampendeza wa kwanza na kumuudhi wa pili. Tena nafaka ya kimea lazima iwe hai: chukua punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, zikiota chini ya 95 mpishi makini hatazitaka. (Na mbegu iliyopakwa dawa isiguse chakula wala pombe, tafadhali.)

Wajerumani wenyewe walilijadili hili zamani. Sheria ya Bavaria ya 1516 iliruhusu bia ya shayiri, hopsi na maji tu, na sababu moja inayotajwa sana ni kwamba ngano ibaki kwa ajili ya mkate. Sisi ngano nyingi tunayokula bado tunaagiza nje. Soko la unga lipo hapa hapa na ni kubwa. Kwa nini tulipite kukimbilia glasi?

Msinielewe vibaya, sipingi nafaka kuwa pombe. Kina mama wa Kilimanjaro wanaotengeneza mbege wanaotesha ulezi na kuukausha kwa ustadi ambao yule mpishi alikiri hana. Nilimuuliza kwa nini asijaribu bia ya ulezi. Akasema atafikiria. Mimi ningeanzia hapo, kwa sababu kimea hicho hakihitaji meli.

Mzee nilimpigia usiku uleule. Aliguna. Tumekubaliana ile mbegu iingie ekari mbili, ambazo ndizo kilo 100 zinazitosha, auze kwa wasagaji wa unga, na ekari tatu zibaki na mahindi na maharage. Kisha akataka kujua kama ile bia nilinunuliwa au nililipa mwenyewe.