Nyumba na Mifugo: Nzi Amwumaye Ng'ombe Miguuni

Ng'ombe akipiga teke ndoo ya maziwa, watu wa nyumbani husema kuwa ameharibika tabia. Nasi tulisema hivyo hivyo, tukakaribia kumwuza ng'ombe wetu mwema kwa mwuza nyama. Mzee mmoja aliyekuja kumtazama hakusema neno. Aliinama, akatuonyesha miguu ya mbele. Palikuwa na nzi wapatao kumi, vichwa vyao vimeelekea juu, matumbo yamejaa damu.

Twaomba msomaji amjue nzi wake kabla hajatoa fedha kununua dawa. Nzi wa nyumbani hawezi kuuma: mdomo wake ni laini, wa kulambia tu machozi ya ng'ombe, jasho na maziwa yaliyomwagika. Yule wa zizini amfanana mno kwa rangi na ukubwa, lakini mdomo wake ni mgumu mfano wa sindano, nao umechomoza mbele ya kichwa. Dume na jike wote hunyonya damu. Hunyonya kwa dakika chache, kisha huenda kutulia ukutani. Ndiyo sababu mtu huona wachache juu ya mnyama akawadharau.

Nzi wa nyumbani hutaga katika samadi mbichi, na wakati wa joto yai huwa nzi kamili kwa siku 7 hata 10. Yule aumaye hupenda mabaki ya majani yaliyooza kwa mkojo na mavi, khasa chini ya hori na mahali walalapo ndama. Yeye huchukua kama majuma 3. Sisi tulifagia katikati ya zizi kila siku, na chini ya hori hatukugusa tangu masika!

Basi zoeni taka hizo kila juma, mzitandaze juani zikauke, au mzirundike na kuzifunika barabara, kwani joto la ndani huwaua funza. Dawa ya kupuliza isitangulie. Tangu miaka ya 1940 nzi wa nyumbani walikwisha izoea D.D.T. huko Uswidi na Italia, na dawa nyingine zimefuata njia iyo hiyo. Ikitumiwa, maziwa na hori vifunikwe.

Mbung'o ni habari nyingine. Yeye huzaa buu mmoja mmoja vichakani, hata zizi lifagiliwe vipi hapungui. Kisiwani Unguja aliondolewa kwa kuachiliwa madume waliotiwa utasa, kazi iliyokwisha mwaka 1997. Kwa huyo, mwiteni bwana mifugo.