Maneno Yafike Kwanza
Ukitaka kujua kama blogu yako inafaa, ifungue ukiwa Magindu, Kibaha vijijini, kwa simu ya bei nafuu na bando la siku.

Kwenye uzamili wetu kutenganisha kumekuwa kama amri: upande wa nyuma na hifadhidata yake huku, upande wa mbele kule, programu nzima ya React. Kwa mfumo wa benki, sawa. Kwa blogu, napinga. Msomaji anapelekewa kwanza ukurasa mtupu, kisha furushi la JavaScript, ndipo kivinjari kinarudi kwa seva kuomba maneno. Safari tatu kwa makala ya aya sita! Mtandao ukikatika katikati, anabaki na kiduara kinachozunguka, na bando limeshaliwa.

Issa Michuzi alianza kublogu mwaka 2005, akitumia Blogspot. Ukurasa ulikuja na maneno yake ndani. React ilitolewa na Facebook mwaka 2013. Wenzangu hunijibu kwamba waajiri wanaitaka. Haya, waonyesheni waajiri, ila msiseme mmemjengea msomaji. Tena React yenyewe ina njia ya kuandaa ukurasa kwenye seva ukafika umejaa. Kwenye miradi ya darasani kwetu sijaiona.