Begi la Hija Huchaguliwa kwa Kiuno



Safari ya hija inapokaribia, maswali parokiani huwa mengi. Sare itakuwa ya rangi gani? Nani atapika? Tutalala wapi? Gari la kurudia limepatikana? Swali moja husahaulika mara kwa mara: mzigo wangu utabebwa na nini? Sisi wauguzi tunaowahudumia mahujaji mwisho wa safari huliona jibu la swali hilo mabegani mwao na viunoni mwao. Wengi huja wakidhani shida yao ni miguu. Tukiwachunguza tunakuta kwamba miguu ililemewa kwa sababu begi lilikuwa baya tangu walipotoka nyumbani.

Sisi wa Mbegani tunaishi jirani na njia ya mizigo ya zamani. Katika karne ya 19 misafara kutoka Ujiji na Tabora ilishukia Bagamoyo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu na bidhaa nyingine kichwani au begani kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Mwaka 1874 mwili wa David Livingstone ulifikishwa katika misheni ya Bagamoyo, baada ya kubebwa na akina Chuma na Susi na wenzao kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Wapo wasemao kuwa jina la mji wetu latokana na kubwaga moyo, yaani kutua mzigo na kupumzika.

Watu wale walio wengi hawakuwa na nafasi ya kuchagua mzigo wala chombo cha kuubebea. Hujaji wa leo anayo nafasi hiyo. Hata wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, ambao hiyo ndiyo kazi yao, wamewekewa kikomo cha kilo 20. Inakuwaje basi karani au mwanafunzi, ambaye mwaka mzima hajabeba kitu kizito kuliko daftari, ajitwike kilo 15 katika mfuko wenye kamba nyembamba, tena juani?

MAUMIVU YA BURE SI SADAKA

Tunajua jibu ambalo baadhi ya ndugu zetu hutoa: hija ni toba, na toba haikosi maumivu. Tunawaheshimu, lakini hapa hatukubaliani nao. Kutembea masafa marefu, kuamka alfajiri, kula kidogo na kulala chini ni sadaka ya kutosha kabisa. Mkono uliokufa ganzi hauongezi kitu katika sala. Unamwondolea hujaji utulivu wa kusali, na mara nyingi unawaongezea wenzake kazi ya kumbeba yeye na mzigo wake. Tukumbuke kwamba katika Njia ya Msalaba yupo Simoni wa Kirene. Kusaidiwa mzigo hakujawahi kuwa aibu kwa Mkristo.

MWILI UNABEBAJE?

Chini ya mfupa wa mtulinga, pale kamba ya begi inapokaa, hupita mishipa ya fahamu na ya damu iendayo mkononi. Kamba nyembamba yenye mzigo mzito huibana mishipa hiyo saa baada ya saa. Kwanza vidole huwasha, kisha hufa ganzi. Ikizidi, mkono hulegea kabisa. Tumemhudumia kijana mmoja ambaye alimaliza safari yake vizuri, lakini kwa majuma kadhaa hakuweza kuinua mkono wa kushoto kufikia kichwa. Alipona, ila wapo wanaochukua miezi.

Nyonga ni kitu kingine. Mifupa yake ni mipana na imara, nayo imekaa juu ya miguu moja kwa moja. Kwa hiyo begi zuri la safari ndefu, lile ambalo askari na skauti huliita shanta, lina mkanda mpana wa kiunoni unaokaa juu ya mifupa ya nyonga na kupokea sehemu kubwa ya uzito. Kazi ya kamba za mabegani ni kulishika tu lisiegemee nyuma. Hiyo ndiyo sababu tunasema begi la hija huchaguliwa kwa kiuno. Rangi na jina lililoandikwa juu yake si kitu.

Akina mama watatuuliza: mbona sisi hubeba kichwani na hatuumii? Ni kweli, ngata na kichwa ni elimu kubwa. Mwaka 1986 wataalamu waliowapima wanawake wa Kenya walikuta kwamba waliozoea tangu utotoni huweza kubeba kichwani hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi. Lakini tusisahau neno lile, “tangu utotoni”. Asiyezoea asijaribu siku ya hija, na hata aliyezoea ajue kwamba shingo nayo huchoka mwendo ukiwa wa siku nzima.

NAMNA YA KUCHAGUA

Kwanza, pima mgongo wako. Inamisha kichwa, na mwenzako ashike kile kifupa kinachojitokeza chini ya shingo. Apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka hapo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Kisha pima begi, kutoka pale kamba za mabegani zinapoungana nalo hadi kwenye mkanda wa kiuno. Vipimo hivyo viwili vikaribiane. Mtu mrefu si lazima awe na mgongo mrefu, kwa hiyo usinunue kwa kukisia.

Pili, angalia mkanda wa kiuno. Uwe mpana kama kiganja, wenye sponji ngumu kidogo, na ufunge barabara bila kuteleza. Kijikamba chembamba cha kiunoni hakisaidii kitu.

Tatu, angalia ukubwa. Mabegi haya hupimwa kwa lita. Kwa hija ya siku mbili au tatu, ambapo chakula hupikwa na kikundi, lita 30 hadi 40 zinatosha. Kwa wale wanaotembea majuma kadhaa, kama waendao Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, lita 50 hadi 60 zinafaa. Begi kubwa lenyewe si kosa. Mara nyingi ni bora kuliko dogo, maana lile dogo halina mkanda wa kiuno, na vitu hufungwa kwa nje vikaning'inia na kumvuta mtu nyuma. Kosa ni kulijaza kwa sababu tu nafasi ipo.

Nne, lijaribu likiwa na mzigo. Dukani kila begi ni zuri likiwa tupu. Tia kilo saba au nane za mchele au unga, kisha tembea nalo nusu saa. Funga mkanda wa kiuno kwanza, ndipo ukaze kamba za mabegani. Ukiweza kupenyeza vidole chini ya kamba za mabegani bila shida, uzito umeshuka kiunoni.

Kwa wanaonunua mtumba, na wengi wetu ndiko tunakonunua, vuteni kamba kwa nguvu, fungueni na kufunga zipu mara kadhaa, na kagueni mshono mahali kamba zinaposhikana na begi. Mshono uliolegea fundi viatu anaweza kuushona upya. Begi lisilo na mkanda wa kiuno liacheni hapo hapo.

UZITO NA UPANGAJI

Kwa asiyezoea, mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mwenye kilo 60 abebe kilo sita. Aliyefanya mazoezi kwa majuma kadhaa anaweza kuongeza, lakini asivuke sehemu moja ya tano. Maji yahesabiwe humo, kwani lita moja ni kilo moja, na katika joto la pwani maji si ya kupunguza. Punguzeni nguo, viatu vya akiba na vipodozi.

Vitu vizito vikae katikati, karibu na mgongo. Vyepesi kama shuka vikae chini. Maji, kofia na dawa viwe mahali pa kufikiwa haraka. Nguo zifungwe katika mfuko wa plastiki, maana jasho na mvua hupenya. Pale mkanda unaposugua kiuno, kanga iliyokunjwa huzuia malengelenge. Na kwa kuwa wengi huanza safari kabla ya mapambazuko kandokando ya barabara ya magari, shoneni nyuma ya begi kitambaa cheupe au kinachong'aa.

Wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo, wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu na wazee wasibebe begi. Vitu vyao viende kwa gari. Mtoto asibebeshwa mzigo wa nduguze.

OMBI LETU KWA JUMUIYA

Tunajua begi zuri si rahisi kwa familia nyingi, na hutumika mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa maoni yetu si lazima kila nyumba inunue lake. Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA na VIWAWA wanaweza kuchangia mabegi matatu au manne imara, ya vipimo tofauti, yakatunzwa parokiani na kuazimwa kwa zamu, kama tufanyavyo na sufuria kubwa za sherehe. Fedha inayotumika kila mwaka kununua vifuko vinavyokatika kamba njiani ingetosha kuanzia.

Na wasimamizi wa hija wapime mizigo siku moja kabla ya kuondoka. Mizani ya dukani inatosha. Atakayekutwa amezidisha apunguze hapo hapo, hata kama ni katekista, hata kama ni muuguzi. Atakapofika Bagamoyo mbele ya Msalaba wa mwaka 1868, awe bado na nguvu ya kupiga magoti, na ya kuinuka.